Ni Nani Huyo Nyuma Yetu Pichani?

Tarehe 11 Novemba 1922, umati wa watu ulisimama kimya kwa dakika mbili mbele ya Cenotaph, mnara uliojengwa London kuwakumbuka waliouawa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ada Deane, mama aliyewahi kujipatia riziki kwa kusafisha nyumba za watu, aliifungua lenzi ya kamera yake ukimya ulipoanza na kuifunga ulipokwisha. Bamba la picha liliposafishwa, juu ya vichwa vya waombolezaji palionekana wingu, na ndani ya wingu nyuso za wanaume. Wapo waliofiwa waliosema wamewatambua watu wao. Mwaka 1924 Deane alirudia jambo lile lile, na safari hii gazeti la Daily Sketch likaichapisha picha, kisha likatangaza kwamba nyuso kadhaa zilikuwa za wanamichezo walio hai. Miongoni mwao alitajwa Battling Siki, bondia mzaliwa wa Saint-Louis, Senegal, aliyemwangusha Georges Carpentier jijini Paris miaka miwili nyuma na kutwaa ubingwa wa dunia. Mwafrika aliye hai, tena ambaye sura yake ilishachapishwa magazetini mara nyingi, alikuwa ameingizwa katika safu ya marehemu wa Uingereza. Waliotafuta wapenzi wao ndani ya wingu lile hawakuwa wakimtafuta yeye.

Habari hii ingeweza kusomwa kama kisa cha udanganyifu uliofichuliwa, na basi. Lakini ukiiweka kando ya visa vya nchi nyingine, inaanza kusema zaidi. Njia ambazo kamera hutengeneza mzuka ni chache na zinajulikana, na ni zile zile Boston, Tokyo, Nigeria na Mombasa. Kinachotofautiana ni kile ambacho aliye hai anakitaka kwa aliyekufa. Mmoja hutaka faraja. Mwingine huogopa lawama. Mwingine hutimiza wajibu wake kwa marehemu kwa mikono yake mwenyewe, mchana kweupe, wala haoni haja ya kuficha namna alivyofanya.

Kwanza kamera yenyewe, kwa kuwa bila kuielewa hatuwezi kumtendea haki yeyote kati ya hao. Jicho hufuata mwendo. Kamera hukusanya mwanga kwa muda iliofunguliwa, kisha huuweka mwanga wote huo katika picha moja. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, barabara yenye pilikapilika jijini Paris. Kwa sababu lenzi ilikaa wazi kwa dakika kadhaa, barabara ile inaonekana tupu. Magari ya farasi na wapita njia hawakuacha alama yoyote. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama akisuguliwa viatu. Basi, anayetembea hutoweka na anayesimama hubaki. Lakini kati ya hao wawili yupo wa tatu, yule aliyesimama kwa sehemu tu ya muda huo. Huyu hubaki nusu. Koti lake linaonekana, na nyuma ya koti ukuta nao unaonekana.

Mwanafizikia wa Uskoti, David Brewster, alilieleza jambo hili waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1856, tena kama mchezo wa kufurahisha watu: mwombe mtu asimame mbele ya kamera kwa sekunde chache, kisha aondoke haraka huku lenzi ikiwa bado wazi, nawe utapata mzuka unaopenyeka kwa macho. London Stereoscopic Company iliuza kadi za namna hiyo, mzuka wa shuka jeupe ukiwatisha watu sebuleni. Maelezo, kwa hiyo, yalitangulia imani. Miaka mitano kabla ya mzuka wa kwanza mashuhuri wa Marekani kuonekana, siri yake ilikuwa imekwisha kuchapishwa.

Hata hivyo maelezo hayo yalihitajika tena na tena. Desemba 1891, katika maktaba ya Combermere Abbey, Cheshire, Sybell Corbet alipiga picha ya chumba kisicho na mtu, lenzi ikikaa wazi kwa takriban saa nzima. Katika kiti kimoja akaonekana mzee hafifu, ana kichwa, kifua na mkono, lakini hana miguu. Siku hiyo Lord Combermere, mwenye nyumba, alikuwa akizikwa. Ndani ya saa moja, mtumishi yeyote aliyeingia, akakaa kitini kwa muda mfupi na kuondoka, angeacha alama ya namna ile ile. Mwaka 1966 mchungaji mstaafu kutoka Kanada alizipiga picha ngazi za mzunguko za Queen's House, Greenwich, na akapata umbo lililofunikwa shuka likipanda huku limeshika uzio. Wataalamu waliikagua negativu wakasema haikuchezewa. Kauli hiyo imekuwa ikirudiwa tangu wakati huo kana kwamba imemaliza hoja, ilhali haisemi hata kidogo kwamba mbele ya lenzi palikuwa na mzuka. Inasema tu kwamba mwanga ulifika kwenye filamu. Lenzi ilikuwa imefunguliwa kwa sekunde nne hadi sita, na mtu mmoja anayepanda ngazi kwa haraka anatosha kabisa kutengeneza umbo lile. Picha kuwa halisi ni jambo moja, na tafsiri yake kuwa sahihi ni jambo jingine. Ubishi mwingi juu ya picha za mizuka, wa zamani na wa sasa, ungepungua kama watu wangeyatenganisha mambo haya mawili.

Hali hii haikufa na mabamba ya kioo. Simu za leo, zikipiga picha gizani, huchukua picha nyingi mfululizo kwa sekunde kadhaa na kuziunganisha ziwe moja. Mtoto anayekatiza uani wakati huo hutokea kama moshi wenye miguu.

Sasa turudi Boston. William Mumler alikuwa mchonga nakshi wa vito. Mwaka 1861 alijipiga picha, na pembeni mwake pakatokea umbo la msichana, ambaye alisema ni binamu yake aliyekwisha kufariki. Mwaka huo huo Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilianza Marekani, navyo vilipokwisha mwaka 1865 vilikuwa vimeua zaidi ya watu 600,000. Wengi walizikwa mbali na kwao, na wengine bila jina. Kwa familia hizo, dola 10 alizotoza Mumler, bei iliyokuwa mara nyingi zaidi ya ile ya picha ya kawaida, hazikuwa nyingi mno kwa kuiona tena sura ya kijana wao. Kwa upande wa ufundi, haikuhitajika miujiza. Mabamba ya kioo yalikuwa ghali na yalitumika tena; bamba lisiposuguliwa vizuri, mteja wa jana hutokea hafifu nyuma ya mteja wa leo. Kilichoanza kama uzembe wa chumba cha giza kinaweza kuwa biashara mara tu mtu akigundua kwamba kinauzika.

Mumler alishtakiwa New York mwaka 1869. P. T. Barnum, mfalme wa maonyesho ya ajabu, alitoa ushahidi dhidi yake, na mpigapicha Abraham Bogardus akamtengenezea Barnum picha akiwa na mzuka wa Abraham Lincoln nyuma yake, ili mahakama ione urahisi wa kazi hiyo. Hakimu alisema kuwa yeye binafsi anaamini palikuwa na hila, lakini upande wa mashtaka haukuithibitisha hila yenyewe, na akamwachia mshtakiwa. Miaka mitatu hivi baadaye mjane wa Lincoln, Mary, alipigwa picha na Mumler. Katika picha hiyo mume wake amesimama nyuma yake, mikono mabegani mwake. Ni picha ya mwisho ya Mary Lincoln inayojulikana sana. Nimeitazama mara nyingi, na sijaweza kumcheka mwanamke yule. Alikuwa amemzika mume na watoto watatu.

Paris ilitoa fundisho kali zaidi. Mwaka 1875 mpigapicha Édouard Buguet alikamatwa, na katika studio yake polisi wakakuta mwanasesere wa kuvishwa shuka pamoja na mamia ya picha za vichwa zilizobandikwa kwenye makaratasi magumu. Alikiri. Alieleza mahakamani namna alivyofanya, vifaa vyake vikiwa mezani. Ndipo mashahidi, mmoja baada ya mwingine, waliposimama na kusema kwamba Buguet anajisingizia: wao wamewaona wapendwa wao, na hakuna wa kuwaambia hawakuwaona. Buguet alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya faranga 500. Mahakama iliuliza picha imetengenezwaje. Wafiwa waliuliza kama ni yeye au siye. Jibu la swali la kwanza, hata likiwa kamili kiasi gani, haliligusi la pili katika moyo wa mtu aliyekwisha kutambua. Vivyo hivyo Uingereza: Februari 1922 mchunguzi Harry Price alimpelekea William Hope wa Crewe, mpigapicha wa mizuka, mabamba yaliyotiwa alama ya siri kwa miale ya eksirei, akarudishiwa picha zisizo na alama hiyo, maana yake mabamba yalibadilishwa. Mwandishi Arthur Conan Doyle, aliyempoteza mwanawe Kingsley mwaka 1918, aliandika kitabu kizima mwaka ule ule wa 1922 kumtetea Hope.

Kwa hiyo mila hii ya Magharibi ina sura yake dhahiri. Mzuka hupatikana studioni, kwa miadi na kwa malipo. Hutazamiwa. Hutokea karibu na mteja, mara nyingi ukimgusa bega au kumwekea shada kichwani. Una jina, au hupewa jina punde tu picha inapokauka. Na hauogopwi: ni ndugu aliyekuja kusema yuko salama.

Japani kamera ni ile ile, lakini mgeni si yule. Picha za mizuka, ambazo Wajapani huziita shinrei shashin, zilishika kasi kubwa katika miaka ya 1970, si studioni, ila katika albamu za familia na za safari za shule. Mwaka 1974 Nakaoka Toshiya alichapisha mkusanyiko wa picha za kutisha za aina hiyo uliopendwa mno, na mingine ikafuata. Televisheni nazo zikapata vipindi vya kiangazi, msimu ambao Wajapani tangu zamani husimuliana hadithi za mizuka na ambao, wakati wa Obon, wahenga husadikiwa kurudi nyumbani. Mwaka 1975 kampuni ya Konica ilitoa kamera ndogo yenye flashi ndani yake. Haikuchukua muda watu wasio mafundi wakawa wanapiga picha gizani, mapangoni, kando ya maporomoko ya maji, na kila mkanda uliosafishwa ulileta vitu ambavyo mpigaji hakuvikusudia: mkono wa mtu wa nyuma usio na mwenyewe, bega la mtoto lililofutwa na mwendo, povu la maji lenye macho mawili na mdomo.

Tofauti ni kubwa. Mteja wa Mumler alilipa ili mzuka utokee. Familia ya Kijapani iliukuta bila kuutaka. Mzuka wa Boston una jina, wa Japani kwa kawaida hauna: ni mtu aliyekufa vibaya mahali pale, mwenye kinyongo, asiye na wa kumfanyia ibada. Wa Boston humpa mtu kitu cha ziada, mkono wa upendo begani. Wa Japani mara nyingi humpunguzia: mtu hutokea pichani na mguu mmoja, nao wajuzi wa televisheni husema mguu usioonekana utapatwa na ajali. Filamu ya Ringu ya mwaka 1998 inaijua mila hii vizuri. Humo, waliokwisha kulaaniwa hupigwa picha na nyuso zao zikatoka zimepotoka. Na dawa pia hutofautiana. Picha ya Magharibi huwekwa fremu. Ya Japani hupelekwa hekaluni ikaombewe na kuchomwa kwa heshima. Anayeiona desturi hiyo kuwa ushirikina mtupu hajaona kwamba ina ukarimu ndani yake: mfu asiye na ndugu anapata, walau kwa nusu saa, mtu wa kumwombea.

Japani pia ilikuwa na jaribio lake la kisayansi, nalo liliacha kidonda. Kuanzia mwaka 1910 Fukurai Tomokichi wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo alitafuta ushahidi kwamba fikra zinaweza kuchora sura kwenye bamba bila kamera, akishirikiana na Nagao Ikuko. Kabla ya hapo alikuwa amempima Mifune Chizuko, aliyesemwa kuwa huona vilivyofichwa. Magazeti yaliwaandama wanawake hao kwa tuhuma za udanganyifu. Mifune alikunywa sumu Januari 1911, akiwa na miaka 24. Fukurai naye baadaye aliondoka chuoni. Majaribio yake yalikuwa na kasoro ambazo wenzake walikuwa na haki ya kuzitaja. Lakini kutaja kasoro ya jaribio si sawa na kumfukuza binti mtaani kwa makelele. Wanaojitwika kazi ya kufafanua mambo haya wanapaswa kulikumbuka jina la Mifune pamoja na majina ya matapeli.

Sasa tazama kusini-magharibi mwa Nigeria. Wayoruba ni miongoni mwa watu wanaozaa mapacha kwa wingi zaidi duniani, na kwao mapacha, ibeji, ni watoto wenye nguvu ya pekee. Pacha mmoja akifa, familia haiwezi kumsahau, kwa sababu aliye hai na aliyekufa wanashirikiana roho. Tangu zamani mchongaji alichonga sanamu ya mti, ikaogeshwa, ikavishwa, ikalishwa pamoja na yule aliyebaki. Mpigapicha wa Kimarekani Stephen Sprague, katika makala aliyoitoa mwaka 1978 baada ya kukaa na mafundi wa mji wa Ila-Orangun, alieleza jinsi picha ilivyokuja kushika nafasi ya sanamu katika baadhi ya familia. Pacha aliye hai hupigwa picha peke yake, na fundi huichapa negativu hiyo mara mbili kwenye karatasi moja, ili watoto wawili waonekane wamekaa pamoja. Kama marehemu alikuwa wa jinsia tofauti, aliyebaki hupigwa picha mara mbili, mara moja kwa nguo zake na mara moja kwa nguo za kumwakilisha ndugu yake. Fundi stadi huficha mstari unaoziunganisha picha.

Ukiusoma ufundi huo kwa macho ya Buguet, ni ule ule: sura ya mtu aliye hai hutumika kumleta aliyekufa ndani ya karatasi. Lakini kila kitu kingine kimegeuka. Mama anajua. Fundi anajua. Mtoto aliyekaa kitini anajua, au ataambiwa akikua. Hakuna anayedai kwamba roho ya marehemu iliingia katika lenzi, na bado picha ina kazi ya kiroho, kazi ambayo haibatilishwi na kujua namna ilivyotengenezwa, kama vile sanamu ya ibeji haikubatilishwa na kila mtu kumjua mchongaji. Paris, kufichuliwa kwa chumba cha giza kulikuwa kashfa. Ila-Orangun hakuna cha kufichua. Mimi nakiri kuvutiwa zaidi na njia hii kuliko nyingine zote ninazozilinganisha hapa, kwa sababu inaupa mkono wa binadamu heshima yake katika kazi ya kuomboleza, na haimdai mfiwa aamini jambo la uongo ili apate kutulia.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki? Studio zetu ni za siku nyingi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, na Lamu ilimjua Omar Said Bakor, fundi wa kuunganisha picha, aliyewaweka watu mahali ambapo miili yao haikufika kamwe. Picha hizo zilining'inizwa kwa fahari, na hakuna aliyeziita ushahidi wa mizuka. Sababu moja, nadhani, ni kwamba huku asiyeonekana hakutafutwa kwa macho. Mafundisho ya Kiislamu yanasema majini huwaona wanadamu kutoka pale ambapo wanadamu hawawaoni. Mgonjwa wa pepo huthibitika kwa kupanda kwa pepo mwenyewe: hunena kwa sauti na lugha yake, hutaja kabila lake, hutaja anachotaka, na mganga humjibu. Pepo hujulikana kwa sauti, kwa ngoma, kwa harufu ya ubani, kwa mwili wa kiti chake, yaani mtu anayempanda. Waumini wa mizuka ya London walifikiri kinyume: kwao roho ilikuwa kitu chepesi mno kwa jicho lakini si kwa kemikali za bamba, na kamera ingeona pale mwanadamu asipoweza. Kwa mzee wa pwani wa enzi za Oza, kusema kwamba jini amenaswa na mashine kungekuwa kumpunguza jini.

Hilo linabadilika mbele ya macho yetu, kwa sababu ya simu. Picha na vipande vya video vinavyosemwa kuonyesha jini, mzimu au mwanga unaotembea vinapita kutoka simu hadi simu, na kwa sehemu kubwa vinaelezeka kwa mambo madogo. Viduara vyeupe vinavyoelea juu ya wageni wa harusini ni vumbi, matone ya mvua au wadudu walio karibu sana na lenzi. Katika simu na kamera ndogo taa ya flashi imekaa ubavuni mwa lenzi, hivyo mwanga wake huirudia lenzi punde kutoka kwenye punje ya vumbi iliyo sentimita chache tu mbele, na kwa kuwa punje hiyo haimo katika umakini wa lenzi, hutanuka na kuwa duara. Kitambaa cheupe kinachoruka katika kamera ya ulinzi usiku kwa kawaida ni uzi wa buibui au nondo mbele ya taa ya infraredi. Macho ya kijani yanayowaka kichakani ni ya paka au mnyama mwingine wa usiku, kwa sababu nyuma ya retina yake kuna utando unaorudisha mwanga. Na kuna programu za simu zilizotengenezwa mahsusi kumbandika mtu mzuka pichani. Umbo moja, lenye mkao ule ule, huonekana katika vyumba vya nchi tofauti.

Hata jicho lenyewe halikosi hatia. Ubongo wa binadamu hutambua uso katika muda usiofika robo ya sekunde, kabla mtu hajafikiri, na huutambua hata katika madoa mawili yaliyo juu ya mstari. Ndiyo maana chombo cha Viking 1 kilipoleta picha ya kilima cha Mars mwaka 1976, watu waliona uso wa mtu, na picha kali zaidi za mwaka 2001 zikaonyesha kilima. Mjini Wem, Uingereza, ukumbi wa mji uliteketea mwaka 1995, na picha ya moto ule ikaonyesha msichana amesimama mlangoni. Miaka 15 baadaye msomaji wa gazeti la huko alimwona msichana huyo huyo, na kofia yake, katika kadi ya posta ya mwaka 1922 inayoonyesha barabara ya mji huo. Kisa cha kwanza hakina mwongo; cha pili kina kila dalili ya mkono wa mtu. Mtazamaji wa kawaida huona kitu kimoja katika vyote viwili: uso unaomtazama.

Ikiwa ni hivyo, kuna ubaya gani kuacha kila mtu na mzuka wake? Kwa picha ya Mary Lincoln, nasema hakuna ubaya mkubwa, isipokuwa fedha iliyokwenda kwa tapeli. Kwa picha iliyochomwa hekaluni, ubaya ni mdogo zaidi. Lakini kwetu jambo moja linanitia hofu. Mtu akipigwa picha ya flashi gizani, mboni zimetanuka, mwanga hugonga nyuma ya jicho penye mishipa mingi ya damu na kurudi mwekundu. Kila mwenye albamu ameona macho hayo. Na katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu yakitajwa kuwa dalili, ilhali yamewashwa kwa miaka mingi na moshi wa kuni na samadi kavu jikoni. Dalili hizo mbili hazina uhusiano, ila zinasomwa kwa namna moja: alama ya mwili au ya mwanga hugeuzwa kuwa shahidi dhidi ya mtu. Mzuka wa Boston haukumshtaki yeyote. Wa Japani humshtaki mfu asiyejulikana. Picha inayosambazwa leo kwa maelezo kwamba jini lilionekana nyuma ya nyumba ya fulani inamshtaki jirani aliye hai, mwenye mlango unaogongeka.

Kwa hiyo ukiletewa picha ya namna hiyo, msomaji, omba ile ya asili, kwa sababu picha iliyotumwa mara nyingi hupoteza ubora na kumbukumbu za muda wa mwanga na flashi. Uliza ilipigwa saa ngapi, flashi iliwaka au la, kulikuwa na kioo, dirisha au vumbi mbele yake. Ukiletewa na mfiwa, maswali hayo yaulize kwa upole, au yaache kwa siku nyingine na umpe pole kwanza. Na kama picha inamtaja mtu aliye hai, bibi wa mtaani au mpangaji mgeni, usiipitishe, na umweleze aliyekutumia kwa nini.